Filta za rangi kwenye filamu nyeusi na nyeupe: chagua kwa rangi iliyo mbele yako

Niliwahi kuombwa kupiga picha za harusi Tanga. Bibi harusi alikuwa amefunikwa kisutu, ile kanga ya nyekundu, nyeusi na nyeupe ambayo watu wa pwani hawaikosi kwenye shughuli kama hiyo. Ndani ya kamera nilikuwa na mkanda wa HP5, filamu nyeusi na nyeupe, na mbele ya lenzi nilikuwa nimefunga filta nyekundu, kwa sababu nilikuwa nimesoma mahali kwamba filta nyekundu hutoa picha zenye nguvu. Mawingu yalitoka vizuri sana, lakini kisutu hakikutoka. Wekundu wote uligeuka kijivu cheupe-cheupe, ukamezwa na weupe wa kitambaa, yakabaki madoa meusi yanayoelea. Shangazi wa bibi harusi aliishika ile picha, akaitazama kwa muda, kisha akaniuliza kwa upole: "Mwanangu, mbona kisutu kimechujuka?"

Alisema kweli. Kazi ya kichujio ni kuchuja, na mimi nilichuja kilichokuwa kiini cha picha. Tangu siku ile sianzi na filta, naanza na rangi. Kwanza naangalia rangi mbili zilizo muhimu mbele yangu na kujiuliza kama nataka ziachane au zishikane, ndipo naingiza mkono kwenye begi. Hatua zifuatazo zinafuata mpangilio huo.

Hatua ya kwanza: jua filamu yako inapokea nini

Filamu nyingi nyeusi na nyeupe zinazouzwa leo, kama HP5 Plus na FP4 Plus za Ilford, Tri-X ya Kodak, au Fomapan, ni pankromatiki. Maana yake zinapokea mwanga wa rangi zote zionekanazo kwa jicho, ila haziupokei kwa kiasi kilekile cha jicho. Kwetu sisi rangi zinazong'aa zaidi ni kijani na njano. Filamu huvutwa sana na buluu, pamoja na miali ya urujuanimno ambayo hatuioni kabisa. Ndiyo maana anga uliloliona buluu iliyoiva hutoka jeupe kama karatasi, na mawingu yanapotea ndani yake.

Zipo pia filamu za ortokromatiki, kama Ortho Plus ya Ilford, zisizopokea nyekundu. Ukizifungia filta nyekundu utapata mkanda mtupu. Kwa upande wa pili ipo SFX 200, pia ya Ilford, inayopokea nyekundu kupita kiwango cha kawaida, na hiyo ukiipa filta nyekundu iliyokolea, anga hukaribia kuwa jeusi na majani hung'aa. Soma kasha kabla ya kulipa. Kuanzia hapa nazungumzia filamu za pankromatiki, maana ndizo nyingi.

Hatua ya pili: shika kanuni moja

Kwenye picha iliyochapwa, filta hung'arisha rangi yake yenyewe na kutia giza rangi zilizo mbali nayo.

Sababu yake ni hii. Kioo cha njano hakiongezi mwanga wowote wa njano. Kinachofanya ni kuzuia buluu isipite. Kwa kuwa mwanga umepungua, wewe unafungua lenzi zaidi au unapunguza kasi ya shata, lile pazia la kamera linalopitisha mwanga, ili kufidia. Fidia hiyo inanufaisha kila rangi iliyopita, kwa hiyo njano inapanda na buluu inabaki chini. Ukiielewa hesabu hii hutahitaji kukariri orodha ya filta na matumizi yake.

Chukua nyanya iliyoiva na pilipili hoho mbichi, uziweke kwenye sahani moja. Kwa jicho hakuna wa kuzichanganya. Kwenye filamu bila filta zinaweza kutoka na kijivu kinachokaribiana hata ukashindwa kujua ipi ni ipi. Kwa filta nyekundu nyanya inakuwa nyeupe-nyeupe na hoho inatiwa giza. Kwa filta ya kijani nyanya inakaribia weusi na hoho inapanda. Umezitenganisha mara mbili kwa njia mbili zinazopingana, na zote ni sahihi. Kilichobaki ni kuamua unataka kusema nini.

Kwa vitendo basi: njano hutia giza buluu kidogo, rangi ya chungwa hutia giza buluu zaidi na kugusa kijani, nyekundu huangusha buluu na kijani kwa nguvu, kijani huangusha nyekundu, zambarau na kiasi cha buluu, buluu huangusha nyekundu, chungwa na njano.

Hatua ya tatu: nunua chache, na zilingane na lenzi

Filta huuzwa kwa namba. Namba zinazotumika sana zilitokana na kampuni ya Kiingereza ya Wratten and Wainwright, iliyonunuliwa na Kodak mwaka 1912, na hadi leo zinaitwa namba za Wratten. Namba 8 ni njano, 11 ni njano-kijani, 21 ni chungwa, 25 ni nyekundu, 29 ni nyekundu iliyokolea, 47 ni buluu. Kwenye filta za Hoya utakuta herufi za zamani: K2 ni ile njano, X1 ni njano-kijani, 25A ni nyekundu. B+W wana zao: 022 njano, 040 chungwa, 090 nyekundu. Usichanganyikiwe. Ukiiona rangi na kujua inapunguza mwanga kiasi gani, umemaliza.

Ushauri wangu wa mpangilio: anza na njano namba 8, kisha njano-kijani namba 11, kisha chungwa. Nyekundu iwe ya mwisho. Wengi hufanya kinyume kwa sababu nyekundu ndiyo inayoonyesha mabadiliko makubwa, nami nilikuwa mmoja wao. Lakini njano ni filta unayoweza kuiacha kwenye lenzi kutwa nzima nje bila kuharibu chochote, na njano-kijani ndiyo rafiki wa mtu anayepiga picha za watu wetu. Nitaieleza huko mbele.

Kabla ya kununua, tazama mbele ya lenzi yako au ndani ya kifuniko chake utafute alama ya ø ikifuatwa na namba. Hicho ni kipenyo cha hesi kwa milimita. Lenzi nyingi za kawaida za Pentax za kulenga kwa mkono huchukua milimita 49, na za Nikon milimita 52. Ukiwa na lenzi mbili za vipenyo tofauti, nunua filta za ile kubwa na ringi ya kuunganishia kwa ile ndogo, itakuokolea pesa nyingi. Kamera za lenzi mbili kama Yashica Mat hazitumii hesi. Zina meno ya kufungia, kwa hiyo tafuta filta zilizoandikwa Bay I.

Filta za mitumba hazina ubaya. Iinue kwenye mwanga wa dirisha na utafute mikwaruzo, mafuta na ile mizizi myembamba ya kuvu, ambayo kwenye unyevu wa pwani ni adui wa kila kioo. Ihifadhi kwenye kopo linaloziba pamoja na pakiti za kunyonya unyevu. Ikikwama kwenye lenzi, usiikamue kwa vidole viwili, maana ringi inapinda na ndipo inakataa kabisa. Izungushie mpira wa kufungia pesa, uishike kwa kiganja kizima, ifunguke taratibu.

Hatua ya nne: rekebisha mwanga

Hapa ndipo mikanda mingi huharibika.

Kila filta ina kizidisho, yaani mara ngapi mwanga unapaswa kuongezwa. Stopu ni hatua moja ya kuongeza mwanga maradufu, au kuupunguza nusu. Kizidisho cha 2 ni stopu moja, 4 ni stopu mbili, 8 ni stopu tatu, 16 ni stopu nne. Kwa mwanga wa mchana, vizidisho vya kuanzia ni hivi:

Njano namba 8: kizidisho 2, stopu 1.
Njano-kijani namba 11: kizidisho 4, stopu 2.
Chungwa namba 21: kizidisho 4, stopu 2.
Nyekundu namba 25: kizidisho 8, stopu 3.
Nyekundu namba 29: kizidisho 16, stopu 4.
Buluu namba 47: kizidisho 6, kama stopu 2 na theluthi mbili.

Tuseme una filamu ya ISO 400 (ISO ni kipimo cha wepesi wa filamu kupokea mwanga), jua ni kali, na bila filta ungepiga f/16 kwa 1/500, yaani tundu la lenzi la f/16, ambalo hukua kadiri namba inavyopungua, na kasi ya shata ya sehemu moja ya 500 ya sekunde. Ukifunga chungwa, utapiga f/8 kwa 1/500, au ubaki f/16 na ushuke hadi 1/125. Ukifunga nyekundu namba 25, utapiga f/5.6 kwa 1/500, au f/8 kwa 1/250. Ukitumia filamu ya ISO 100 yenye nyekundu wakati wa jioni, beba stendi ya miguu mitatu, la sivyo mkono utatikisa picha.

Ukitumia kipima mwanga cha mkononi, njia rahisi ni kugawanya ISO kwa kizidisho. HP5 yenye filta nyekundu: 400 gawanya kwa 8 ni 50. Weka 50 kwenye kipima mwanga, kisha fuata kinachosema.

Kama kamera yako inapima mwanga kupitia lenzi, kama Pentax K1000 au Nikon FM2, tayari inapima kilichopunguzwa na filta. Usiongeze tena juu yake. Kosa hili la kufidia mara mbili nimeliona kwa karibu kila mwanafunzi niliyekaa naye. Anabadilisha ISO kisha anafuata mshale wa ndani, na negativu, yaani filamu iliyosafishwa ambayo giza na mwanga vimegeuzana, zinatoka nene kama kipande cha lami.

Kuna tahadhari moja kwa kamera hizo. Vipima mwanga vya ndani haviioni nyekundu kama filamu inavyoiona. Kwa njano na njano-kijani tofauti ni ndogo, unaweza kuviamini. Kwa nyekundu vinaweza kukupotosha, na mara nyingi matokeo ni negativu nyembamba mno. Mimi hupima bila filta, naweka namba zangu, kisha nafunga filta na kuongeza stopu tatu kwa mkono. Inachukua sekunde kumi na hainiangushi.

Kumbuka pia kwamba vizidisho hivi ni vya mchana. Jua linapozama, au ndani ya nyumba kwenye balbu ya zamani yenye mwanga wa njano, nyekundu imejaa hewani na buluu ni haba. Filta nyekundu hapo inahitaji fidia ndogo, na filta ya buluu inahitaji kubwa zaidi. Na kupandisha njano juu ya nyekundu hakuna faida, kwa sababu nyekundu imeshazuia kila kitu ambacho njano ingezuia. Unajiongezea kioo na vumbi tu.

Hatua ya tano: anga, bahari na umbali

Anga haliko sawa pande zote. Buluu iliyokolea zaidi iko pembe mraba na jua. Asubuhi na jioni, jua likiwa mashariki au magharibi, elekeza lenzi kaskazini au kusini na uinue kidogo. Hapo filta ya njano tu inatosha kuyatoa mawingu. Saa sita mchana kwetu jua liko utosini, kwa hiyo ile buluu nzuri imeshuka hadi karibu na upeo wa macho, ambako hewa ni nzito na nyeupe. Ndiyo sababu filta ileile iliyofanya kazi saa mbili asubuhi Bagamoyo inaonekana haifanyi lolote adhuhuri. Anga likiwa limefunikwa na wingu jeupe zima-zima, weka filta mfukoni. Hakuna buluu ya kuchuja, na hata nyekundu haitaliteremsha. Siku bora ni zile zinazofuata mvua, hewa imeoshwa vumbi.

Mfano mashuhuri wa filta kuamua hatima ya anga ni wa Ansel Adams, mpiga picha wa Marekani, tarehe 10 Aprili 1927, huko Yosemite, California. Alipanda na kamera kubwa na sahani za kioo, zilizotumika mahali pa filamu, kwenda kupiga jabali la Half Dome. Alipiga kwanza kwa filta ya njano, kisha akatambua kwamba anga litatoka la kijivu cha kawaida wakati yeye alilihisi kuwa zito na la kutisha. Kwenye sahani yake ya mwisho akafunga nyekundu namba 29 na kuacha lenzi wazi sekunde 5. Anga likatoka karibu jeusi juu ya ule mwamba uliowashwa na jua, na picha hiyo ndiyo watu wanayoikumbuka. Napenda kuisimulia kwa sababu ya ule wakati alipoacha kupiga na kujiuliza anachokiona ni nini. Namba 29 ilikuja baadaye, kama jibu.

Baharini mambo ni matamu. Maji ya rasi ya Nungwi, yale ya buluu-kijani yenye mchanga mweupe chini, hayana nyekundu karibu yoyote ndani yake. Filta nyekundu huyafanya meusi, na tanga jeupe la ngalawa linasimama juu yake kama limekatwa kwa mkasi. Njano-kijani huyaacha yang'ae, na kina kinaonekana kwa ngazi: hapa kimo cha goti, kule mkondo. Mimi hupendelea hii ya pili, kwa sababu mvuvi akiitazama picha anaweza kukuambia alipitia wapi.

Kuhusu umbali: ile buluu inayofunika milima ya Usambara ukiitazama kutoka barabarani karibu na Mombo ni mwanga wa buluu uliotawanywa na hewa. Njano huupunguza, chungwa huupunguza zaidi, nyekundu karibu iufute. Lakini ukungu halisi, ule wa matone ya maji wa alfajiri Lushoto, hutawanya rangi zote sawasawa. Huo hautoki kwa filta, na usijaribu.

Hatua ya sita: nyuso zetu

Hapa naomba usome polepole, maana mengi yaliyoandikwa kuhusu filta na ngozi yaliandikwa na watu waliokuwa wakipiga nyuso nyeupe, na sisi tukayabeba bila kuyapima.

Melanini hufyonza buluu kwa wingi, kijani kwa kiasi, na nyekundu kidogo kuliko zote. Kwa hiyo ngozi ya kahawia au nyeusi inarudisha mwanga mwekundu mwingi kuliko unavyodhani. Ukimpiga mtu kwa filta nyekundu, uso unapanda ngazi kadhaa kuelekea weupe. Midomo inapoteza mpaka wake, makovu na madoa yanafifia, mikunjo inalainika. Wapo watakaoifurahia picha hiyo, na mteja akiitaka kwa kauli yake mwenyewe ni haki yake. Ila mimi naiita mkorogo wa kioo, na sitaipendekeza kwa mtu ambaye hakuiomba. Umempiga bibi yako mwenye rangi ya kahawa iliyokaangwa, akatoka kama mtu mwingine ambaye hamjawahi kuonana.

Filta ya njano-kijani, namba 11, inafanya kinyume. Ngozi inabaki na kina chake, midomo inatiwa giza kidogo na kupata umbo, na kila kitu kinachokaa juu ya ngozi kinaonekana: mng'ao wa mafuta ya nazi kwenye paji la uso, chale, mikunjo ya mzee pembeni mwa macho. Kwa picha ya mzee aliyekaa barazani kivulini sijui filta bora kuliko hii. Njano namba 8 ni ya kati. Haibadilishi uso sana, na inakusaidia kama nyuma yake kuna anga.

Buluu, namba 47, huizamisha ngozi kwenye weusi mzito unaong'aa pale tu mwanga unapogonga mfupa. Ina uzuri wake, lakini inahitaji mwanga mwingi na mtu anayejua anachokifanya. Sahani za karne ya 19 zilikuwa zikiona karibu hivyo, kwa kuwa zilipokea zaidi buluu, na ndiyo sababu moja ya nyuso nyeusi kuzama gizani kwenye picha nyingi za kale huku kanzu nyeupe zikiwa wazi kabisa.

Ukipiga familia yenye watu wa rangi mbalimbali, mmoja mweusi sana, mwingine maji ya kunde, mwingine ana ualbino, kumbuka kwamba tofauti zao za melanini ni ndogo kwenye nyekundu na kubwa kwenye kijani na buluu. Chungwa huwasogeza karibu, njano-kijani huwatenganisha. Kwa picha ya pamoja mimi hutumia njano au napiga bila filta, kisha natafuta kivuli laini cha mwembe, ambacho kinasaidia kuliko kioo chochote.

Jambo la kupima: kipima mwanga ukikielekeza usoni kinataka kuufanya uso uwe kijivu cha kati. Kwa ngozi ya kahawia fuata kinachosema. Kwa ngozi nyeusi sana punguza stopu moja, ili uso ubaki na weusi wake. Usipunguze zaidi ya hapo, kwa sababu filamu isiyopata mwanga wa kutosha kivulini haina kitu cha kukurudishia baadaye.

Hatua ya saba: nguo, majani, udongo

Rudi kwenye kisutu. Nyekundu inapeleka wekundu wake kwenye weupe. Kijani inaupeleka kwenye weusi. Zote mbili zinakupokonya moja ya rangi tatu. Bila filta, wekundu unakaa katikati, kijivu kizito kati ya nyeusi na nyeupe, na mchoro unasomeka wote. Kwa hiyo kisutu hupigwa bila filta, au kwa njano kama uko nje, na hilo ndilo nililopaswa kumfanyia yule shangazi. Kanga ya nyekundu na kijani ni habari nyingine. Bila filta rangi zake mbili zinaweza kushikana kama nyanya na hoho, na hapo ama nyekundu ama kijani itaokoa hata yale maandishi ya jina lake.

Majani yatakushangaza. Mtu hutarajia filta ya kijani iwashe mgomba kama taa, lakini majani hayana kijani safi. Yanarudisha pia njano na sehemu ya nyekundu ya mbali, kwa hiyo mabadiliko ni ya upole kuliko kwa nyanya. Njano-kijani inayatenganisha majani machanga na makuukuu vizuri. Mkrismasi uliochanua ndio mti wa kujifunzia: kwa nyekundu maua yanawaka juu ya majani meusi, kwa kijani yanazama.

Udongo mwekundu, kama wa Tsavo, unapanda sana kwa chungwa na nyekundu. Tembo waliojipaka vumbi lake wanapanda nao, kwa hiyo ukitaka watengane na ardhi waliyosimama juu yake, filta haitakusaidia. Shuka chini uwapige dhidi ya anga, kwa chungwa.

Hatua ya nane: linda vivuli, kisha safisha kwa akili

Kivuli cha nje kinaangaziwa na anga la buluu. Filta inayozuia buluu inazuia pia mwanga wa kivulini, na kadiri inavyokuwa nyekundu ndivyo vivuli vinavyoziba. Kwenye vichochoro vya Mji Mkongwe, upande mmoja jua limeipiga chokaa na upande wa pili ni kivuli, filta nyekundu hukuachia picha ya vipande viwili: nyeupe na shimo. Ukiitumia mahali kama hapo, pima kivuli, ongeza nusu stopu juu ya kizidisho, na unaposafisha filamu punguza muda kwenye dawa kwa asilimia 10 hadi 15 ili maeneo ya mwanga yasizidi. Ukipeleka filamu kwa msafishaji, mwambie, na mkanda mzima uwe wa aina hiyo ya mwanga.

Hatua ya tisa: choma fremu nane kwa majaribio

Huhitaji mkanda mzima. Asubuhi moja, jua likiwa limetulia, weka nje meza yenye nyanya, hoho, limau lililoiva, ndoo ya buluu na kanga mbili za rangi tofauti. Mwombe mtu wa nyumbani akae kando ya meza, na nyuma yake pabaki kipande cha anga upande wa kaskazini au kusini. Piga bila filta. Kisha njano, njano-kijani, chungwa, nyekundu, kila moja kwa kizidisho chake, bila kuhamisha kitu. Fremu tatu zilizobaki rudia nyekundu, ukiongeza nusu stopu, stopu moja, kisha stopu moja na nusu. Hizo ndizo zitakazokuambia kamera yako na filta yako zinapatana vipi. Andika kila kitu kwenye daftari palepale, namba ya fremu, filta, shata na f, kwa sababu baada ya wiki mbili hutakumbuka.

Filamu ikishakauka, iweke mbele ya dirisha na uanze na fremu isiyo na filta. Kumbuka kwamba kwenye negativu mambo yamegeuka: kilichotiwa giza na filta kinaonekana chepesi, kinapitisha mwanga. Tafuta kwanza nywele na kivuli chini ya meza. Kama hapo filamu ni tupu kwenye fremu ya nyekundu ilhali kwenye ile isiyo na filta pana kitu, basi kizidisho chako cha nyekundu ni kikubwa kuliko kilichoandikwa kwenye ringi. Angalia ni ipi kati ya zile tatu za mwisho iliyorudisha kivuli, na uandike namba hiyo kwenye kipande cha karatasi ndani ya kopo la filta.